Tupeane uzoefu: wiki ya Kimbunga Hidaya, wewe wa Kusini ulitafuta nini mtandaoni?

Wakuu, salaam kutoka Mtwara mjini.

Nina steshenari jirani na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za mtandaoni. Mwanzoni mwa Mei, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilipotangaza kwamba kuna kimbunga kinaitwa Hidaya mashariki mwa pwani yetu, watu wakaanza kuja na kazi nyingine: "Hebu nitazamie." Wazee wenye viswaswadu, akina mama wa sokoni, makondakta, vijana walioishiwa bando. Nitazamie kimefika wapi. Nitazamie kama shule zinafungwa. Nitazamie kama boti za Zanzibar zinaondoka, binti yangu yuko Dar anasubiri kuvuka.

Habari kubwa ilikuwa moja na redio zote ziliisema vizuri. Maswali ndiyo yalikuwa mengi, na kadiri swali lilivyosogea karibu na mlango wa mtu ndivyo jibu lilivyozidi kuwa adimu. Niliweza kumwambia mzee kimbunga kiko umbali gani huko baharini. Sikuweza kumwambia kama kalavati la kuingilia kijijini kwake bado lipo. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana naomba tuandike hapa: ulitafuta nini, ulipata nini, ulikosa nini. Wa Lindi, Kilwa, Masasi, Newala, Nachingwea, nanyi mlio Dar wenye wazazi huku, karibuni.

Kwa kumbukumbu tu: Hidaya ilitua Mafia Jumamosi tarehe 4 Mei 2024. Mvua ikamwagika Lindi na Mtwara, wakati msimu wetu wa Novemba hadi Aprili tulishauhesabu umekwisha. Barabara ya Dar–Lindi–Mtwara ikakatika upande wa Kilwa. Kisha Jumapili ya tarehe 12 intaneti nayo ikaanguka. Andikeni ya siku zote hizo.

Nahodha_Kivinje

Mkuu, asante kwa kuleta hili. Mimi ni mvuvi, niko Kilwa Kivinje. Upepo wa kusi tunaujua tangu utoto, lakini kimbunga hatukukua nacho. Kijana wangu ana programu ya upepo kwenye simu, ile yenye mishale inayozunguka. Nikamwambia kaa hapa nisomee kasi na saa. Inasoma kwa fundo, na fundo 1 ni kama kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo tukawa tunakokotoa kwenye mchanga. Kwa kawaida TMA wakitoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2, mimi sitoki. Tulichokuwa tunakisoma kilikuwa zaidi ya hapo. Ijumaa hatukushusha chombo hata kimoja. Tulivuta mashua kwa magogo mpaka usawa wa minazi, tukafungua mashine tukazipeleka nyumbani.

Nilichokitafuta sana ni maji. Kivinje ni tambarare. Upepo mkali ukisukuma bahari wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanaingia mitaani, lakini ukikuta maji mafu, yaani siku za maji madogo, kuna nafuu. Nikahesabu mwezi mwenyewe: ulikuwa bado siku chache kuandama, bamvua haijafika. Hapo ndipo nikalala kidogo. Lakini hesabu hiyo ilikuwa ya kichwani mwangu, sikuiona imeandikwa popote kwa Kiswahili cha mvuvi. Siku nyingine tangazo la kimbunga liseme pia kitakuta maji gani. Sentensi moja inatosha.

Mwl_wa_Lindi

Mimi nilitafuta kwa sababu ya swali la mwanafunzi: "Mwalimu, si tuliambiwa vimbunga haviji Tanzania?"

Nikakaa nalo jioni nzima. Kimbunga cha kitropiki kinataka bahari yenye joto la nyuzi 26.5 na zaidi, na kinataka msukumo unaotokana na dunia kujizungusha. Karibu kabisa na ikweta msukumo huo ni dhaifu, ndiyo maana Tanga au Mombasa ni nadra zaidi. Lakini Lindi tuko kama nyuzi 10 kusini, na Mafia ni karibu nyuzi 8. Hatuko ndani ya kinga hiyo kama tulivyozoea kusema. Hata jina la Hidaya lilikuwa kwenye orodha ya msimu mzima, kwa mpangilio wa alfabeti: kabla yake alikuwepo Gamane, baada yake Ialy, ambaye alipita upande wa Kenya mwezi huohuo wa Mei.

Halafu nikakutana na jambo lililonisimamisha. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Lindi yetu hii! Nimesoma hapa, nafundisha hapa, na sikuwahi kulisikia darasani. Nikampigia bibi mzaa mama, naye akaanza kusimulia kana kwamba nilichelewa kumuuliza: minazi ilivyolala upande mmoja, paa za makuti zilivyoruka, watu walivyojikusanya kwenye nyumba za mawe. Mtandaoni nilipata mistari michache ya Kiingereza. Kwa bibi nilipata saa nzima. Nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kwenda kuwauliza wazee wa nyumbani na kuandika majina ya mitaa iliyoingiliwa na maji mwaka ule, kwa sababu wazee hao wanapungua na maji hayasahau njia yake.

Mnazi Bay

Mimi wa Msimbati. Huku kwetu tatizo lilikuwa kuamini. Aprili 2019 tuliambiwa Kimbunga Kenneth kinakuja Mtwara. Shule zikafungwa, watu wa mabondeni wakahamishwa, tukabeba watoto. Kenneth ikatua tarehe 25 ng'ambo ya Mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, ikavunja kwa ndugu zetu Wamakonde wa huko, sisi tukapata mawingu na mvua. Tangu hapo kuna watu wanasema TMA walitutisha bure. Nami nasema tahadhari ile ilikuwa sahihi. Kimbunga kingepinda kidogo tu kaskazini, kaburi lingekuwa letu.

Kwa hiyo safari hii ya Hidaya nilikuwa natafuta ramani ya njia, ile yenye umbo la faneli, niwaonyeshe wazee barazani kwamba eneo lote ndani ya faneli ni la hatari na mstari wa katikati peke yake hautoshi. Ramani ikawashawishi kuliko maneno yangu. Mzee mmoja akaenda kufunga bati kwa kamba na kuweka mifuko ya mchanga juu, wengine wakafuata.

Abiria wa Nangurukuru

Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Nilikuwa kwenye basi la Mtwara kwenda Dar. Tulipofika Nangurukuru tukakuta foleni ya mabasi na malori, tukaambiwa mbele hakupitiki, kuanzia Matandu hadi Somanga tuta la barabara limekatwa na maji. Kila mtu akatoa simu. Nikaandika "barabara ya Lindi Dar leo". Zikaja habari za barabara hiyohiyo kukatika, lakini za masika ya miaka ya nyuma. Video zilizokuwa zinarushwa kwenye magrupu zilikuwa na sauti inasema "hivi sasa niko hapa darajani", bila jina la daraja, bila tarehe. Nyingine inaonyesha gari linavuka, watu wakashangilia wakataka dereva aondoe basi. Kondakta akakataa, na alifanya vema, maana hakuna aliyeweza kusema lile gari lilivuka saa ngapi.

Taarifa ya kweli ilitoka kwa dereva wa lori aliyekwama upande wa pili, Somanga. Kondakta wetu alikuwa na namba yake. Wakawa wanapigiana kila baada ya muda: maji yameshuka kiasi gani kwenye nguzo, mitambo imefika au bado, mawe yanamwagwa wapi. Kijana mmoja akawa anaandika kwenye boksi la katoni, saa na hali, analibandika kwenye mlango wa kibanda cha chipsi. Abiria wa mabasi yote walikuwa wanakuja kusoma pale. Baadaye tukasikia kwamba Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Bashungwa, amefika na kusimamia kazi, na lile boksi likaendelea kuwa ndilo tunaloliamini.

Nilitafuta pia njia ya Songea. Kurudi Masasi, Tunduru, Songea, Makambako, Iringa, mpaka Dar. Sasa ni lami, inapitika, lakini ni zaidi ya kilomita 1,500 badala ya hizi zetu mia tano na kitu. Mwenye gari lake aliweza. Mimi nilikuwa na nauli ya njia moja na mtoto mgongoni.

Wenyeji wa Nangurukuru walitufungulia sebule na misikiti tukalala. Hilo sikulitafuta popote, nilipewa. Mungu awalipe.

Mleta uzi

Pole sana dada. Lile boksi la katoni nimelisoma mara mbili. Wakuu, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwa wateja wangu pale steshenari. Mahali, tarehe, saa, hali. Mambo manne. Ukirusha video ya mafuriko bila hayo manne unawaongezea wenzako giza, hata kama nia yako ni njema.

Endeleeni.

Chilindima

Bei ya petroli Masasi. Ndiyo nilichotafuta, kutwa.

Mama Wawili, Masasi

Mume wangu anatumia insulini. Umeme ulikatika usiku wa mvua na friji ikazima. Nikaandika "insulini bila friji". Nikapata, na nikahakikisha kwa muuguzi wa zamu: chupa inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 30, isipigwe jua, isigandishwe. Nikaweka kwenye kikombe kikavu, kikombe ndani ya mtungi mdogo wa udongo, mtungi kwenye beseni la mchanga uliolowa, nikafunika na kitambaa chepesi. Mchanga unavyokauka ndivyo mtungi unavyopoa. Bibi zetu walihifadhi maji hivyo.

Hofu yangu kubwa ilikuwa dawa ya mwezi unaofuata, maana inatoka Dar kwa barabara ileile. Nikawa nauliza famasi moja baada ya nyingine. Wenye wagonjwa wa sukari, presha, kifafa: ikifika Machi hakikisheni akiba ya mwezi mzima ipo ndani. Tafadhali sana.

Mtoto wa Newala

Niko Dar, wazazi Newala. Wiki ya kimbunga nilikuwa natafuta jina la kata yetu kila asubuhi. Sikulipata hata mara moja, nikawa napiga simu.

Halafu tarehe 12 intaneti ikaanguka. Nikadhani ni mvua za Kusini zimekata nguzo. Kumbe ni nyaya za chini ya bahari, Seacom na EASSy, zimekatika zote mbili upande wa Afrika Kusini. Na Februari Seacom ilikuwa imeshaumia kule Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia ya kaskazini nayo haikuwa nzima. Haya yote nimeyasoma baadaye, maana siku yenyewe ungeyasomea wapi? Kilichofanya kazi ni simu ya kawaida, meseji na menyu za nyota na reli. Nilimtumia mama hela ya bati kwa menyu hiyo, ikafika. Jamani, wazazi wetu wafundishwe menyu hizo, na namba muhimu ziandikwe kwenye daftari, zisikae WhatsApp tu.

Mpiga Picha Lindi

Nililetewa picha ya mji uliozama, imeandikwa "Kilwa sasa hivi". Nikaipeleka kwenye utafutaji wa picha, ikatokea ni Beira, Msumbiji, Machi 2019, baada ya Kimbunga Idai. Nikarudisha jibu kwenye grupu pamoja na kiungo chake. Watu wawili waliokuwa na ndugu Kilwa wakanipigia wanalia kwa ahueni. Ukiweza kuhakiki, hakiki. Inachukua dakika moja.

Dereva wa Liwale

Nimesoma wote. Swali kwa wenye magari: kuna anayeijua hali ya sasa ya Nangurukuru–Liwale–Nachingwea? Nina mzigo wa mbegu.

Mleta uzi

Mkuu, jana mteja wangu katoka Nachingwea. Anasema upande wa Nachingwea lori dogo linapita, ila ni udongo, mvua ikinyesha usiku subiri mpaka saa tano asubuhi. Upande wa Nangurukuru sina taarifa. Aliye huko aweke mahali, tarehe, saa, hali.

Abiria wa Nangurukuru

Nina namba ya yule mwenye kibanda cha chipsi. Nampigia sasa, nitaandika hapa akinijibu.