Kikundi cha ukoo, saa tisa usiku

Dada (Jinja): Wapendwa, mnisamehe kwa kuwaandikia usiku huu. Mvua inapiga mabati, nami tangu Jumapili sijapata usingizi wa maana kwa sababu ya karo ya muhula huu na lori la baba watoto lililoharibika Malaba. Nikifumba macho moyo unadunda, na nikianza kusali najikuta napiga hesabu zilezile.

Shangazi (Tororo): Mwanangu, nami niko macho, uzee hauna usingizi. Hesabu hizo ndizo sala yenyewe, mradi umwambie Mungu badala ya kujisemea. Mtajie kiasi kilichopungua, mtajie na yule mkuu wa shule unayeogopa kumpigia simu. Paulo alipowaandikia Wafilipi, sura ya 4, kwamba wasijisumbue kwa neno lolote, alikuwa kifungoni, na kushukuru alikuweka pamoja na kuomba, hakusema kusubiri majibu kwanza.

Dada: Nimshukuru kwa lipi, Shangazi? Nikisema asante katika hali hii, naona namdanganya.

Shangazi: Hakuna aliyekuambia ushukuru kwa kuharibika kwa lori. Katika Zaburi ya 13 mwimbaji anauliza "hata lini" mara nne kabla hajafika kwenye kuimba. Lalamika kwanza, kisha anza na kilicho karibu nawe. Mjomba wenu alipolazwa, kila usiku niliandika jambo moja kwa penseli nyuma ya kalenda ya parokia: chai ya tangawizi aliyoniletea jirani, muuguzi aliyemgeuza mgonjwa bila kuitwa. Nilijikataza kuandika "uhai na afya", kwa kuwa maneno hayo mtu huyatamka hata akiwa amesinzia.

Kaka (Mbale): Simpingi Shangazi, ila moyo ukiendelea kudunda hivyo, dada, nenda kituo cha afya ukapimwe, maana kusali hakumzuii mtu kumwona daktari. Kesho nitazungumza na mhasibu wa shule ili tulipe kidogo kidogo. Nanyi mnaotutumia picha za maua kila asubuhi, mchango wenu pia tutaupokea kwa furaha.

Dada: Asante, kaka. Nimeandika mawili kwenye bahasha ya sadaka, maana karatasi nyingine sikuiona: kitinda mimba amelala huku ameshika kidole changu, na dereva mmoja asiyetujua amempa baba watoto mahali pa kulala ndani ya lori lake. Hilo la pili aliniambia jana mchana, nami nililisikia kama habari ya barabarani tu, hadi nilipoanza kutafuta cha kuandika. Karo bado haijapatikana, lakini moyo umepunguza mbio.

Shangazi: Basi zima simu. Saa kumi na moja nitakupigia tusali pamoja, na usiniandalie maneno mazuri.