Pikipiki DT125 ya zamani inaishiwa nguvu kwenye mlima wa Isyonje, naombeni ushauri

Mkulima wa Uyole
Wakuu habari za leo. Nina Yamaha DT125 ya zamani, ile ya kuchanganya oili na petroli, imetoka kwa mtu wa Dar. Naitegemea kufika kwenye shamba la viazi upande wa Isyonje. Asubuhi inawaka vizuri, tambarare inakimbia. Nikianza kupanda mlio unakuwa mzito, nikiongeza moto haiitikii, mwisho inazima. Ikipoa inawaka tena. Plagi ni nyeusi na imelowa. Fundi mmoja ameniambia ninunue kabureta mpya, na bei yake inauma. Ninunue?

Mzee wa Makambako
Usinunue kitu kwanza. Angalia mfuniko wa tangi, kale katundu ka hewa kakiziba petroli inagoma kushuka. Ikizima tu, fungua mfuniko. Ukisikia inavuta hewa na ikawaka hapo hapo, mchawi umempata.

Fundi Mafinga
Mzee wangu, hilo lipo, ila petroli ikikosekana plagi hukauka na kuwa nyeupe. Yake imelowa, maana yake inakunywa kuliko inavyopumua. Mleta mada, Mbeya mko kama mita 1,700 na Isyonje ni juu zaidi. Hewa imepungua, jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, ni ile ile ya pwani. Pandisha klipu ya sindano ya kabureta ngazi moja, sindano ishuke, petroli ipungue. Lakini jeti peke yake haizimi injini namna hiyo. Oili unachanganyaje?

Mkulima wa Uyole
Pampu ya oili, ile inayochanganya yenyewe, ilishaondolewa. Aliyeniuzia alinielekeza chupa moja ya soda kwa lita tano za petroli.

Fundi Mafinga
Kaka! Chupa ya mililita 350 kwa lita 5 ni mililita 70 kila lita. Mimi hata kwa injini kuukuu sizidishi mililita 50, yaani moja kwa ishirini. Oili ikizidi inageuka masizi na kuganda kwenye ekzosti. Moshi usipotoka, hewa mpya itaingilia wapi? Mwishoni mwa sailensa kuna skrubu, ifungue uvute lile bomba la ndani lenye matundu. Likigoma, lilowanishe na dizeli usiku kucha.

Kijana wa Tukuyu
Pia ikizima njiani, pima moto wa plagi palepale. Koili, ile inayoipa plagi moto, ikichoka inakata ikipata joto, ukipima imeshapoa unaona iko nzima.

Mkulima wa Uyole
Mrejesho wakuu. Moto upo, mfuniko hauna shida. Bomba la sailensa limetoka kwa kupigana nalo: matundu yamezibwa na kitu cheusi kama lami, yamebaki machache upande mmoja. Nimelichoma kwenye makaa, nikalisugua kwa brashi ya waya. Sponji ya eya klina (chujio la hewa) nayo nimeiosha, na oili nimepunguza. Jana nimepanda na mfuko wa mbolea nyuma, haikuzima. Plagi sasa ni ya kahawia. Sasa nataka kurudisha pampu ya oili, niangalie nini?

Fundi Mafinga
Safi sana kaka. Toa hewa yote kwenye mrija: legeza ile skrubu ndogo ya pampu mpaka oili itoke bila mapovu. Tangi la kwanza endelea kuchanganya. Ukishaona oili ya kwenye kitenki chake inapungua, ndipo uweke petroli tupu.