Picha ya Yalta yenye mihuri mitatu nyuma: nimepigwa au ni mali?

Mzee wa Kizota

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Dodoma, na ugonjwa wangu ni picha za zamani za magazeti, hasa za wakubwa walipokutana wakati wa Vita vya Pili. Ninazo saba tu, kwa hiyo msinitanie kwamba nina makumbusho.

Jumamosi nilikwenda mnada wa Msalato kula nyama, nikarudi na picha. Kijana alikuwa amemwaga chini fremu, sahani na vitabu vya Kiingereza. Nikaiona: Churchill, Roosevelt na Stalin wamekaa uani kwenye Kasri la Livadia, Yalta, Februari 1945. Mazulia yametandikwa chini ya miguu yao, Roosevelt katikati kajitanda joho, uso umemkonda. Kijana akaanzia elfu hamsini, tukamalizana kumi na tano. Akaapa imetoka kwa Mzungu wa ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa.

Shida iko nyuma. Kuna karatasi ya maelezo iliyochanika nusu, na mihuri mitatu ya zambarau: 13 APR 1945, 6 MAR 1953, 25 JAN 1965. Wa Februari hata mmoja hakuna! Jirani yangu anasema kitu halisi hakiwezi kuzaliwa mara tatu. Halafu upande wa mbele Stalin kazungushiwa mistari ya penseli nyekundu, na bega la Churchill limepakwa rangi ya kijivu. Nimepigwa?

La pili, naihifadhije? Picha yangu ya mkutano wa Potsdam, ile ambayo Attlee, waziri mkuu mpya wa Uingereza, kakaa mahali pa Churchill, niliipeleka kwa kijana wa stesheneri anitolee kopi. Kurudi naikuta kaipiga lamineshini. "Nimekufanyia bure mzee, isiharibike." Usiku ule sikulala.

Karani wa Makabrasha

Pole kwa Potsdam, mwalimu. Usithubutu kuibandua, utang'oa na sura zao.

Sasa isome mihuri yako taratibu. Roosevelt alifariki 12 Aprili 1945. Stalin, 5 Machi 1953. Churchill, 24 Januari 1965. Kila muhuri umegongwa kesho yake! Picha hiyo ilikuwa inakaa kwenye maktaba ya gazeti. Akifa mmoja wao, inatolewa, inachapwa, inagongwa tarehe, inarudi kabatini kumsubiri mwenzake.

Penseli ya nta ni ya mhariri, anaonyesha pa kukata. Alimtaka Stalin peke yake, kwa hiyo mimi naiweka 1953. Ile rangi ni ya fundi, alitenganisha bega na nguo za waliosimama nyuma ili kwenye karatasi ya gazeti visichanganyike. Usiisafishe! Uchafu huo ndio ulionunua.

Ila Kongwa sahau. Uingereza iliuacha mradi wa karanga 1951, na picha yako 1965 ilikuwa bado iko kazini.

Fundi Studio

Nakubali, lakini muhuri hughushiwa, kwa hiyo ijaribu karatasi yenyewe. Nenda dukani kwenye ile taa ya kukagulia noti. Kuanzia miaka ya 1950 karatasi za picha zilianza kutiwa dawa ya kung'arisha weupe, na chini ya taa hiyo zinawaka bluu. Ikiwaka, si ya 1945. Isipowaka, umesogea, hujafika.

Chukua na kioo cha kukuzia. Vitone vitone maana yake imekatwa kitabuni. Mistari myembamba isikutishe, shirika la habari la Associated Press walikuwa wanatuma picha kwa waya wa simu tangu 1935. Kisha iinamishe kwenye mwanga. Weusi wa pembezoni ukimetameta kama kioo, hiyo ni fedha ya ndani ya karatasi inapanda juu, dalili nzuri ya uzee.

Kuhifadhi: bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ilale bapa, mbali na sakafu. Mchwa wa Dodoma hawajui Churchill ni nani. Albamu za kurasa za gundi ni sumu.

Mjukuu wa Kondoa

Mimi sikusanyi, napita tu. Hapa kwetu Kondoa palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita. Bibi alikuwa akiwauzia mayai. Hao watatu kwenye mazulia ndio waliokubaliana mpaka wa mashariki wa Poland usogezwe, na makwao wengi wao pakabaki upande wa Wasovieti. Wakawa hawana pa kurudi. Mzee, ukikuta picha ya kambi ile hapo mnadani, bei tutaongea.

Mzee wa Kizota

Asanteni sana wakuu. Mihuri nimeisoma mara kumi, na darasani nimefundisha vifo hivyo miaka mingi! Nimetoka dukani sasa hivi. Risiti ya mwenye duka iliwaka bluu, picha ikabaki giza tupu. Jirani kanyamaza.

Jumamosi hii nilirudi Msalato mapema, hata nyama sijagusa. Kijana anasema zilikuwepo nyingine mbili za namna hiyo. Kazifungia sahani za mteja.