Aptama inashika vizuri kwenye bafa, kwenye mate inavuruga

Karafuu_Chake
Assalam alaykum wakuu. Tuna aptama, yaani kipande kifupi cha DNA kinachojikunja na kushika molekuli maalumu, ya kukamata IL-8 (protini ya kinga inayoashiria uvimbe); timini zake (herufi T za DNA) zimeongezewa benzili, kundi la kaboni linalokwepa maji. Kwenye bafa (maji yenye chumvi na pH tulivu) haina neno. Tukitia mate ya watu wa hapa Chake Chake, hata aptama ya kulinganishia, herufi zilezile ila mpangilio umevurugwa, inawaka (inatoa mwanga tunaoupima) sawasawa. Mate yanakaa kwenye vichupa vyenye EDTA (kemikali inayokamata ioni za metali) milimola 5. Tumekosea wapi?

Ngalawa
Waalaykum salaam. Ikiwaka ile ya kulinganishia, hapo hamna utambuzi, ni chaji. DNA ni hasi, laisozimu na laktoferini, protini za mate, ni chanya, zinaganda kwenye DNA yoyote. Benzili nayo huongeza kunata. Punguzeni mate mara 10 kwa bafa yenye chumvi milimola 150 na Tween-20 (sabuni laini ya maabara) asilimia 0.05. Kisha deksitrani salfeti (sukari ndefu yenye chaji hasi, inashindana na DNA), lakini itieni baada ya aptama kushika, si kabla: IL-8 yenyewe ni chanya, mkitangulia itachukuliwa na deksitrani. Iliyoshika kwa chaji tu itabanduka upesi, iliyoshika kweli itachelewa. Jaribuni dakika 5, 15 na 30, mwone pengo baina ya aptama mbili linapopanuka zaidi.

mtu_wa_maabara
Na hiyo EDTA msiisahau. Inazuia vimeng'enya vinavyokata DNA, sawa, lakini inakamata magnesiamu, EDTA moja kwa magnesiamu moja, na aptama nyingi bila magnesiamu hazikunjiki. Mkipunguza mara 10 inabaki milimola 0.5, bafa ikiwa na magnesiamu milimola 5, baada ya kuchanganya ni 4.5, EDTA ikichukua 0.5 imebaki kama 4 huru. Mkitumia mate mabichi bila kupunguza, magnesiamu huru haibaki. Aptama ichemsheni nyuzi 95 dakika 5 kwenye bafa hiyo, ipoe mezani dakika 20, ndipo ikutane na mate.

Ngalawa
Nyongeza: wala tambuu watengeni. Chokaa hupandisha pH, tanini ya popoo hugandisha protini, na wekundu wake unaharibu usomaji wa mwanga. Wasukutue kwa maji, wasubiri dakika 10, wateme kwenye kichupa kilicho juu ya barafu, kisha sentrifuji (mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi) g 10,000 kwa dakika 10. Chukueni maji ya juu tu. Ute wa chini ukiingia kwenye pipeti, ujazo wote ni uongo.

Karafuu_Chake
Ahsanteni. Na wenye fizi zinazovuja damu?

mtu_wa_maabara
Hao waandikeni pembeni. Fizi zikivimba IL-8 huweza kupanda yenyewe, aptama haina kosa.