Hita ya maji imekufa, unanunua ipi? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, salaam. Hita yetu ya tangi, lita 80, imeanza kuvuja kwa chini. Si kwenye maungio. Maji yanachuruzika ndani ya bati la nje na yana rangi ya kutu. Fundi kaitazama, kasema hapo hakuna cha kuziba. Umeme wake nimezima na koki nimefunga.

Nyumbani tuko watu wazima wawili, watoto watatu, na bibi yao ambaye maji baridi hayagusi hata jua liwake vipi. Maji yanashuka kutoka tangi la juu ya paa. Kila ninayemuuliza ana lake: shemeji anasema papo kwa papo (isiyo na tangi, inapasha maji yakiwa yanapita), jirani anasema sola, fundi anasema rudisha kama ile ile. Matangazo ya bidhaa sitaki. Naomba waliowahi kubadilisha waseme: ulitoa ipi, ukaweka ipi, ukakutana na nini?

Mama Mapacha
Pole mkuu. Sisi tulitoka kwenye tangi tukaenda papo kwa papo, na maji yetu yanashuka kwa uzito wake kama ya kwenu. Hita ikafungwa, ikawashwa, kimya. Taa inawaka, maji ni yale yale ya baridi. Tukairudisha dukani, wakaijaribu pale, ikachemsha vizuri tu! Kumbe ndani yake kuna swichi inayosukumwa na maji yenyewe. Maji yakipita kinyonge, koili haipewi umeme, isije ikaungua kwa kukosa maji.

Kila mita 1 ya kimo inakupa msukumo wa kama bar 0.1 tu. Tangi letu liko mita 2 hivi juu ya shawa, fanya hesabu mwenyewe. Kiwango cha chini kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko cha hita, kisome kabla hujatoa hela. Tukafunga pampu ndogo, sasa inakwenda vizuri. Ila umeme ukikatika, pampu na hita vinalala pamoja. Enzi za tangi tulikuwa bado na maji moto ya kuogea watu wawili watatu hata gizani.

Mtu wa Nyaya
Nakazia hapo kwa Mama Mapacha, kwa upande wa umeme. Tangi lenye koili ya kilowati 1.5 kwenye volti 230 linavuta ampea 6.5 hivi. Papo kwa papo ya kilowati 5.5 inavuta karibu 24. Sasa mtu anang'oa tangi, anabandika hii kwenye waya ule ule na swichi ile ile!

Juzi nimefungua swichi ya namna hiyo. Plastiki ya nyuma imekuwa ya kahawia, imelainika ikaganda tena na alama ya skrubu ndani yake, na kipande cha waya kimekakamaa hadi ganda linakatika kwa kucha. Mwenye nyumba alikuwa analalamika kwamba sakiti breka "inasumbua kuruka", akataka niweke kubwa zaidi. Breka ipo kwa ajili ya kulinda waya. Ukiweka inayozidi uwezo wa waya, kitakachoungua kwanza ni waya, tena ndani ya ukuta.

Ukitaka papo kwa papo, hesabu na waya wake mpya mnene kutoka kwenye boksi kuu. Na hita yoyote ya bafuni iwe na ethi inayofanya kazi kweli, pamoja na kinga ya umeme unaovuja ya miliampea 30.

Mleta mada
Shemeji kashatolewa kwenye mashindano, asanteni. Waya wa nyumba hii ni wa tangu inajengwa na sina mpango wa kubomoa plasta mwaka huu. Je, ukubwa? 80 ilikuwa inatuishia asubuhi, wa mwisho anaoga akipiga kelele.

Hesabu za Bafu
Chukua maji yanayoingia yakiwa nyuzi 20 na tangi likiwa nyuzi 60. Mtu anaoga kwenye 40 hivi, kwa hiyo kila lita ya moto inachanganywa na lita moja ya baridi. Lita 80 zako ni kama 160 za kuogea, na kwa kweli ni pungufu kidogo, kwa sababu baridi inayoingia inapoza kiasi cha moto iliyobaki. Shawa inayotoa lita 8 kwa dakika inakupa dakika 20 kwa familia nzima. Watu sita! Huyo wa mwisho anaonewa.

Umeme: kupandisha lita 100 kutoka 20 hadi 60 ni uniti 4.7 hivi. Koili ya kilowati 1.5 itahitaji saa 3 na kitu, ya kilowati 2 saa 2 na dakika 20. Kwa hiyo tazama na koili, usitazame lita peke yake. Tangi kubwa lenye koili ndogo likiisha, limeisha.

Na kama ukuta unaruhusu, chukua la kusimama. Maji moto hukaa juu na baridi chini bila kuchanganyikana sana. Yale ya kulala huchanganya mapema.

Paa Letu
Sisi ni watu wa sola na siwezi kurudi nyuma, lakini jirani yako alikwambia kuhusu urefu wa mambo? Sola isiyo na pampu inataka tangi lake liwe juu ya paneli, ili maji yaliyopata moto yapande yenyewe. Na kama maji yako yanashuka kwa uzito, tangi la baridi lazima liwe juu kuliko hilo la sola, la sivyo halijai. Tulilazimika kuliinua tangi la baridi kwa stendi ya chuma, na stendi ndiyo iliyokula bajeti.

Kero nyingine ni umbali. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 15 linabeba karibu lita 3, zote zimepoa, zote unazimwaga kabla moto haijafika. Tunazikinga kwenye ndoo, tunadekia. Wiki ya mawingu tunawasha koili ya akiba, basi.

Stoo Baridi
Kuna na ile inayovuta joto la hewa, kama friji iliyogeuzwa. Ninayo. Inakula kama theluthi ya umeme wa tangi la kawaida. Inanguruma, inapasha polepole, na stoo ilikowekwa imekuwa baridi. Inataka nafasi yenye hewa, usiiweke kabatini.

Mpishi wa Gesi
Gesi inatoa maji moto mfululizo bila kujali waya wako. Ila ikae nje, au iwe na bomba la kutoa moshi mpaka nje. Bafuni mlango umefungwa, hapana kabisa. Kaboni monoksaidi haina harufu, na mtu anaanguka kabla hajajua.

Fundi Koki
Nimesoma yote. Hakuna aliyeuliza kwa nini hilo la kwanza limetoboka.

Ndani ya tangi la chuma kuna fimbo ya magnesiamu. Kazi yake ni kuliwa na kutu kwa niaba ya chuma, maana rangi ya kioo iliyopakwa ndani huwa na nyufa ndogo ndogo. Fimbo mpya ni nene kama kidole gumba. Ninazotoa kwenye matangi yaliyokufa ni waya mtupu wa katikati, umevaa maganda meupe yanayopukutika ukigusa. Fimbo ikiisha, zamu ya chuma inaanza. Ikaguliwe kila mwaka mmoja au miwili, mapema zaidi maji yakiwa ya chumvi. Dukani uliza swali moja: fimbo inatolewa kwa upande gani? Kisha acha nafasi upande huo. Nimekuta mengi yamebanwa hadi hakuna pa kuitolea.

La pili, valvu ya usalama. Lita 80 zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinatanuka kwa zaidi ya lita 1, na maji hayo lazima yaende mahali. Valvu ikidondosha matone wakati wa kupasha, inafanya kazi yake. Kuna nyumba nimekuta imezibwa kwa kijiti na gundi. Nilizima umeme kabla sijasalimia watu.

Mjukuu Mlezi
Kwa ajili ya bibi. Kuna watakaokushauri ushushe nyuzi hadi 45 ili kuokoa umeme. Usikubali. Bakteria wa legionela hustawi kwenye maji ya vuguvugu, kwa hiyo tangi libaki 60. Lakini nyuzi 60 zinababua ngozi ya mzee kwa sekunde chache tu. Sisi tulifunga valvu ya kuchanganya kwenye bomba linalokwenda bafuni kwake, maji yanamfikia yakiwa salama hata akifungua koki ya moto peke yake.

Mleta mada
Basi narudi kwenye tangi: lita 100 la kusimama, koili ya kilowati 2, fimbo inayotoka kwa chini, na valvu ya bibi. Kuhusu waya, Mtu wa Nyaya atanisamehe, nitaupimisha kwanza. Limebaki moja: ukuta wa bafu ni wa tofali zenye matundu.

Fundi Koki
Hizo ni kilo 100 za maji kabla ya uzito wa tangi lenyewe. Usitumie plagi za plastiki. Toboa hadi upande wa pili, pitisha boliti ndefu, weka bamba la chuma nyuma. Na siku ya kuwasha, fungua kwanza koki ya moto, subiri maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo uguse swichi. Koili ikiwaka kwenye tangi tupu utaturudia hapa wiki hiyo hiyo.