Jaribio la karata la Charles Richet (1884): makisio 400 yanatosha?

Mkomani_Baraza
Salaam aleikum jamaa. Hapa Lamu tuko watu sita na tunataka kurudia jaribio la Richet, yule tabibu Mfaransa aliyechunguza hipnosi (usingizi wa kusababishwa) na watu wanaosemekana kupokea wazo la mwenzao bila kuambiwa. Mmoja atakata karata na kuitazama kimya, mwingine atataja kama ni shupaza, kopa, uru au pao. Tumepanga makisio 400 usiku mmoja, barazani baada ya isha. Je, 400 yanatosha? Karata ikishatajwa irudishwe au iwekwe kando? Na kuna haja ya kumlaza mkisiaji kwa hipnosi kwanza?

Hesabu_Langoni
Waaleikum salaam. Hayatoshi, na sababu iko katika hesabu ya Richet mwenyewe. Alikusanya makisio 2,927. Aina za karata ni nne, kwa hiyo bahati tupu ingetoa 732. Yaliyopatia ni 789, ziada ya 57.

Sasa pima ziada hiyo na kuyumba kwa bahati: chukua idadi ya makisio, zidisha kwa 0.25, kisha kwa 0.75, halafu tafuta kipeuo cha pili. Kwa 2,927 unapata 23.4. Ziada yake basi ni kama mara 2.4 ya myumbo huo, na bahati peke yake hufika hapo au kupita takriban mara 7 katika 1,000. Ni jambo la kumfanya mtu aangalie tena, lakini si la kuapia.

Kwa 400 bahati inatoa 100, na myumbo ni 8.7. Mkisiaji mwenye uwezo uleule wa kina Richet (asilimia 27 badala ya 25) atapata 108 hivi, nanyi hamtajua kama ni kipaji au ni upepo tu. Msiseme lolote chini ya 118, yaani bahati pamoja na myumbo mara mbili. Nendeni makisio 4,000: bahati 1,000, myumbo 27, mpaka wenu uwe 1,055. Kama athari ya Richet ipo kweli, mtavuka mpaka huo kama mara nne kati ya tano. Makisio 200 kwa usiku, sekunde 30 kila moja, ni saa moja na dakika 40. Usiku ishirini basi.

La muhimu kuliko yote: andikeni 4,000 kabla ya kuanza na msisimame njiani. Kundi linaloacha siku hesabu inapopendeza linajidanganya, kwa sababu bahati hupanda na kushuka na wao wamechagua kilele.

Daka_na_Kiwanda
Naongezea upande wa vifaa, maana hapo ndipo majaribio mengi huharibika.

Karata: ukiziweka kando na kumwambia mkisiaji matokeo, atahesabu. Zikishatoka kopa kumi, anajua zimebaki tatu, na hapo anacheza karata, hasomi wazo la mtu. Kwa hiyo rudisheni kila mara, changeni upya, na asiambiwe kitu hadi usiku uishe. Richet alikuwa na busara hapa: karata ilitolewa kwa kubahatisha, haikuchaguliwa na mtu. Mtu akichagua mwenyewe hupenda aina fulani, na mkisiaji naye hupenda hizohizo.

Kuchanga mara 200 kwa usiku kunachosha, na mkono uliochoka hauchangi. Ni afadhali sarafu ya shilingi: irusheni mara mbili. Picha-picha shupaza, picha-nambari kopa, nambari-picha uru, nambari-nambari pao. Zinatosha karata nne tu, na hata zikichakaa au kudondokewa na kahawa hakuna hasara, mradi mkisiaji hazioni.

Mahali: msifanyie barazani. Watu wawili wakiwa karibu, pumzi, jicho, miwani, hata sinia ya shaba hupeleka habari bila yeyote kukusudia. Nyumba za mawe za Lamu zinafaa sana: mtazamaji akae ndani kabisa na mlango ufungwe, mkisiaji akae dakani, ukumbini mwa mlango wa nje. Msigonge wala kuita “tayari”, kwa sababu mtu hukawia kidogo kwa karata fulani na mwenzake hujifunza ule ukawiaji. Saa mbili zilizolinganishwa zinatosha. Kila upande uwe na mwandishi wake, kwa kalamu isiyofutika, na madaftari yakutanishwe mwisho.

Mkomani_Baraza
Ahsanteni sana. Na hilo la hipnosi?

Shela_Tabibu
Liacheni. Ni kweli Richet alianzia huko: makala yake ya 1875 kuhusu usingizi wa kusababishwa iliirudisha mada hii mbele ya wanasayansi wakati matabibu wengi waliikwepa kwa kuchelea majina yao. Njia yake ilikuwa kushika vidole gumba vya mtu na kuvibana kwa nguvu sawasawa dakika tatu au nne, kisha kupitisha mikono kichwani, mabegani na hasa juu ya kope. Lakini jaribio la karata halihitaji usingizi. Bernheim, tabibu wa Nancy huko Ufaransa, alionyesha kuwa nguvu ya hipnosi ni ushawishi, na mtu aliyeshawishika hutafuta kumridhisha aliyemlaza, akinasa kila dokezo dogo. Mtakuwa mmefungua mlango ambao Daka amewafungia. Tena mwenye kifafa au maradhi ya akili asiguswe bila daktari.

Msimkuze Richet kuliko alivyostahili. Ni yeye aliyepata Nobel 1913 kwa kugundua anafilaksia (mwili kushtuka vikali unapokutana tena na kitu uliowahi kukipokea), kazi iliyoanzia kwenye sumu ya mnyama wa baharini anayewasha, jamaa ya konyeza wetu. Ni yeye pia aliyekwenda Algiers 1905, akaketi katika chumba chenye giza na pazia, na kuukubali “mzuka” ulioitwa Bien Boa. Kwenye karata alihesabu. Gizani aliamini macho yake.

Hesabu_Langoni
Ndiyo maana nasema hesabuni makisio yote, hata ya usiku mbaya. Mkitupa kurasa tano kwa kuwa “mkisiaji alikuwa na homa”, ile 1,055 haina maana tena. Mwenye homa asianze. Akishaanza, kurasa zake zinabaki.