Bima ya afya na mwanasaikolojia: naomba ushauri wenu

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa 11 kazini. Kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya mshahara kwenda NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hapa Tanzania), na mwajiri anaongeza 3 nyingine. Sijawahi kulalamika, watoto wametibiwa kwa kadi hiyo mara nyingi.

Mke wangu naye tangu Machi amegunduliwa ana sonona. Alikuwa anaamka saa tisa usiku, anakaa jikoni gizani, chai inapoa mbele yake hajaigusa. Daktari alimwandikia dawa, akasisitiza aonane pia na mwanasaikolojia kila wiki, maana dawa huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi na peke yake haitoshi.

Dirishani daktari na dawa vilipita kwa kadi. Kwa mwanasaikolojia nikaambiwa nilipe taslimu. Nimelipa mara tatu, ya nne nimeshindwa. Inaniuma sana, kwa sababu hayo mazungumzo ndiyo yaliyomfanya aanze kula.

Aliyewahi kupitia hili anisaidie: akipewa rufaa hospitali ya mkoa, au hospitali ya taifa Muhimbili, kadi itabeba mazungumzo hayo? Malalamiko niyapeleke ofisi ya NHIF ya mkoa au nianzie kwa afisa utumishi? Huyo wa pili namwogopa kidogo, sitaki ugonjwa wa mke wangu uwe habari ya ofisini.

Kliniki yake ni Alhamisi. Natanguliza shukrani.